Nilimwambia Lava Haitafika

Siku mliyoniaga mliniletea keki yenye umbo la mlima, na kutoka kileleni mlikuwa mmemwagia sukari nyekundu ikateremka mpaka kwenye sahani. Nilishukuru, nikaikata, nikala kipande changu. Ila moyoni nilisema, watoto hawa nimekaa nao miaka yote hii na bado wanadhani lava ya Mlima Lengai ni nyekundu. Mchana lava ile ni nyeusi, kama oili chafu inayomwagwa gereji. Kesho yake inakuwa ya kijivu. Baada ya siku chache, ikishakunywa umande, inageuka nyeupe kama chokaa, na mgeni akiutazama mlima kwa mbali anauliza kama ile ni theluji. Basi mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali, walau kwa ajili ya hilo la rangi. Nipo hapa Goba, magoti hayapendi vilima vya huku, na asubuhi nyumba inakuwa tupu.

Vyeo nitaviruka. Nani alipandishwa na nani aliachwa mnayajua, na msiyoyajua mtahadithiwa na wenye uchungu nayo.

Niliingia ofisi yetu ya jiolojia nikiwa binti wa Mbagala, wazazi wangu watu wa Lindi, na pale mtaani hakuna aliyeelewa nimeajiriwa kufanya nini. Baba aliwaambia majirani nimepata kazi ya mawe, wakadhani nagonga kokoto. Ofisi yetu wakati ule ilikuwa Kinondoni, chumba kirefu chenye meza za kuchorea ramani na madirisha yaliyotazama ukuta wa jirani. Mkuu wa meza yetu alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi na penseli zimejaa mfukoni. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha bila kuniuliza nilisoma wapi akaniwekea mezani picha mbili za mlima zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na miwani ya kuziangalia kwa pamoja mpaka mlima unainuka pale mezani kama kitu cha kushikika. Akasema nimwonyeshe mkondo mmoja tu wa lava, ulikoanzia na ulikoishia.

Nilichora asubuhi nzima. Alikuja, akaangalia, akachukua kifutio akafuta kila kitu taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Akanieleza kwamba nimechora mto. Maji ya mto yanapita na kwenda zake, lakini lava inapita na kubaki, na ikibaki inaziba njia yake yenyewe. Pembeni inapoa kwanza, inajijengea kingo mbili kama mfereji, na ile ya katikati inaendelea kukimbia. Juu inashika ukoko, na chini ya ukoko ule moto unasafiri mbali bila kuonekana. Mbele ikikwama, ya nyuma bado inakuja, kwa hiyo inavimba, inapasuka ubavuni, na pale penye ufa unaanza ulimi mwingine. Usiangalie katikati, akasema, angalia kingo, na kila ukingo jiulize umejengwa na nani. Ilinichukua miezi kulielewa swali hilo, na sijui kama nililielewa lote.

Nilikwenda nalo nyumbani. Jumamosi moja nikakoroga uji mwepesi na uji mzito, nikaegemeza sinia la pilau kwenye tofali, nikamimina mmoja baada ya mwingine. Mwepesi ulitandaa mwembamba ukashuka haraka, ukitafuta kila kibonde cha sinia. Mzito ulirundikana pale pale, kisha ukaanza kujisukuma kidogo kidogo kama mtu anayeburuta gunia. Nikauacha upoe, nikamimina mwingine juu yake, na huo haukupita njia ya kwanza. Ulikuta tuta, ukachepuka. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka nikamaliza. Akasema, "Chuo chote kile, Zuhura, umerudi kuchezea uji." Kisha akaniamuru nioshe sinia. Nawaambia haya kwa sababu mna kompyuta zinazochora mikondo kwa rangi, na ni nzuri sana, ila nimewaona wengine mkizisoma bila kujua hicho kinachomiminika ni kizito kiasi gani. Mimineni kitu kwanza. Masinia mnayo.

Mara ya kwanza kwenda mlimani nilikwenda na Mzee Komba. Gari la ofisi lilitufikisha mpaka lilipogoma, na hapo ndipo nilipokutana na Lemayani. Alikuwa kijana wa rika langu, Mmasai wa boma lililokuwa chini ya mlima upande wa machweo, amechukuliwa na ofisi atuongoze njia na kutubebea maji. Mzee Komba alikuwa amefanya naye kazi msimu mmoja uliopita. Lemayani alivitazama viatu vyangu, kisha akamtazama Mzee Komba. Vilikuwa viatu vya kwendea ofisini. Kwenye mteremko wa majivu yaliyoshikana, pale ambapo kila hatua inakurudisha nusu, soli ya kulia ilibanduka. Lemayani aliifunga kwa ukanda wa ngozi aliokuwa nao kiunoni, na ndivyo nilivyofika kreta ya Lengai kwa mara ya kwanza, mguu mmoja umefungwa kama kifurushi cha posta.

Sijui niielezeje kreta ile kwa watu ambao hawakuiona. Ilikuwa sakafu pana, nyeupe hapa, kijivu pale, imejaa vichuguu virefu kuliko mtu, na ndani ya vichuguu hivyo kitu kinatokota kama sufuria lenye kifuniko. Mara kichuguu kimoja kinatoboka chini, na kinachotoka huwezi kuamini kuwa ni jiwe lililoyeyuka. Ni jeusi, jepesi, linapita kwa mlio mdogo kama wa mchele unaomiminwa kwenye ungo. Lava ya milima mingine ina moto mkali zaidi lakini inajikokota. Ya kwetu ina magadi mengi, joto lake ni dogo ukilinganisha na hizo, na inatiririka kama maji. Udogo huo wa joto usiwadanganye. Mzee Komba aliweka mguu mahali palipoonekana pamekauka, ukoko ukavunjika, akautoa haraka na buti lake likiwa linafuka moshi. Aliketi, akalivua, akalitazama, akasema kwa utulivu kwamba ofisi itamwuliza limekwenda wapi. Tangu siku hiyo nilirusha jiwe mbele yangu kabla ya kukanyaga, na hata leo nikivuka dimbwi mtaani mkono unatafuta jiwe.

Kazi yetu ilikuwa kupima jinsi lava inavyotambaa. Tulipaka rangi mawe, tukayapanga mbele ya ncha ya mkondo, tukahesabu yanavyomezwa. Tulipima upana wa mfereji, kimo cha kingo, mteremko wa sakafu. Mimi nilishika futi kamba upande mmoja na Lemayani upande wa pili, kwa sababu Mzee Komba baada ya lile buti alipendelea kusimama mbali na kuandika. Ndivyo tulivyokuwa marafiki, mimi na Lemayani, kwa kuvutana futi kamba. Alikuwa mtu wa maneno machache na mcheshi kwa namna yake. Aliniita dada Zuhura, na mwaka ule alipooa, mke wake Nasinyai akaniita wifi. Nikishuka mlimani nilipitia bomani kwao kunywa maziwa. Nilimfahamu kila ng'ombe wake kwa rangi, maana kwake kuuliza habari za nyumbani bila kuuliza ng'ombe ilikuwa kama hujauliza. Kuna ndama mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, alizaliwa siku tuliyoshuka kreta, akampa jina langu. Nilicheka. Mama huko Mbagala hakucheka.

Katika mojawapo ya safari za mwisho za Mzee Komba, alinichukua kwenye korongo chini ya mlima ambako maji ya mvua yamekata ukuta wima. Ukutani mlima unaonekana kama mkate uliopangwa tabaka. Lava nyembamba, lava, lava, halafu tabaka nene la majivu, refu kunipita, kisha lava tena. Akaligonga lile la majivu kwa nyundo yake, likamwagika. Akaniambia kwamba huu nao ni mlima, na watu wanausahau kwa sababu hautokei mara kwa mara. Nikamwuliza mbona hatulipimi. Akasema hilo ni la wenzetu wa meza ya majivu. Meza hiyo ilikuwepo pale ofisini, kweli, lakini aliyekuwa ameketi hapo alihamishwa na hakuletwa mwingine, na meza tukawa tunaiwekea chai. Nilirudi Dar nikaendelea na mikondo yangu. Sie tulikuwa watu wa lava. Tulilisema hilo kwa majivuno.

Mzee Komba alistaafu, akarudi kwao Songea, na hakukaa sana akafariki. Sikwenda kumzika kwa sababu nilikuwa mlimani. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Miaka ikapita na kreta ikawa inajaa. Kila mkondo uliotandaa uliinua sakafu kidogo, na mtu aliyepanda mara moja asingegundua, lakini sisi tuliokuwa na vipimo tuliona. Mara ya kwanza nilipofika pale, ukingo wa kreta ulikuwa juu yangu kama ukuta wa nyumba. Baadaye nikawa nauona kwa kuinua macho tu. Mwisho sakafu ikafika kwenye ukingo, na lava ikapata pa kumwagikia. Ilianza kuteremka kwenye ubavu wa mlima, na ulimi mmoja ulielekea upande wa machweo.

Lemayani alinijia jioni moja tukiwa kambini chini ya mlima. Alikuwa na watoto tayari, na ng'ombe wengi. Mwaka ule mvua ilikuwa haba na malisho ya kuhamia yalikuwa mbali, kwa watu wengine, ambao kuwaomba si jambo rahisi. Hakuzunguka. Akaniuliza, "Dada, ile lava itafika kwangu?"

Nikamwambia anipe muda nimjibu vizuri. Kesho yake tukatembea pamoja kutoka bomani kwake kwenda juu, hatua kwa hatua, nikipima mteremko. Nilimwonyesha bonde ambalo lava ingelazimika kulifuata, na mahali linapopinda, na tuta la mkondo wa zamani ambao wala babu yake hakuuona ukishuka. Nilimwonyesha pale ardhi inapolala, ambapo hata lava nyepesi namna ile hutandaa, hupoteza joto, hushika ukoko na kusimama. Nilifanya hesabu zangu mara mbili. Halafu nikamwambia lava haitafika. Itachoma nyasi za juu, itaingia bondeni, itasimama kabla ya ile migunga mitatu iliyo juu ya boma. Kwake haitafika. Akaitazama migunga kwa muda mrefu, akaniambia ahsante, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakuhama.

Na haikufika. Lava ilishuka kama nilivyosema, ikachoma nyasi, moshi ukaonekana mbali sana, watu wa maboma mengine wakawaswaga ng'ombe zao usiku na mchana. Lemayani alikaa. Ulimi wa lava uliingia bondeni, ukapinda palipopinda, ukatandaa tambarare na kusimama, na kati yake na mgunga wa kwanza ulikuwepo uwazi wa kupita mtu na punda wake. Nililia, nawaambieni ukweli. Katika kazi yetu ni mara chache unasema jambo na dunia inalitii. Lemayani alichinja mbuzi. Nasinyai alinivisha shanga shingoni mbele za watu, na wazee wa boma wakanipa mkono. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa mtu wa kujulikana, nikachora ramani ya mkondo ule, ndiyo hiyo mnayoiona ukutani karibu na mlango. Ni ramani sahihi. Sijawahi kuchora sahihi zaidi yake.

Baada ya hapo mlima ulinyamaza kidogo, kisha ukabadilika. Nilikuwa ofisini simu ilipolia. Mtandao kule ni wa kupanda kilima kuutafuta, na sauti ya Lemayani ilikuja na kukatika. Nilielewa kwamba kuna ngurumo, na kwamba mchana umekuwa giza. Nikamwuliza kama wako salama. Akasema wako salama. Kisha akaniuliza, "Lava iko wapi?"

Nikamwambia, kwa anavyonieleza, hakuna lava.

Akasema, "Basi hiki kinachoanguka ni nini?"

Nilimwambia ni majivu. Nilimwambia wafunike maji, wajifunge vitambaa puani, wawaondoe ng'ombe. Simu ikakatika kabla sijajua amesikia lipi. Nilipiga mpaka chaji ikaisha. Niliomba gari, na gari halikupatikana siku ile wala iliyofuata. Lilikuwa na safari nyingine, halafu halikuwa na tairi. Mnalijua gari la ofisi. Wakati wote huo nilikaa kwenye meza yangu nikitazama ile meza ya pili, yenye birika la chai juu yake, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza majivu yanakwenda umbali gani, yanakaa kwa muda gani, yanafanya nini tumboni mwa ng'ombe. Mimi nilijua lava.

Nilipofika, rangi ya nchi ilikuwa moja. Ardhi, mapaa, migunga, migongo ya punda, kila kitu kijivu. Nasinyai alikuwa juu ya paa akiyafagia majivu kwa fagio la matawi, amejifunga kitambaa usoni, na aliponiona alinipungia mkono akaendelea kufagia. Lemayani alikuwa zizini. Ng'ombe walikuwa wamekula nyasi zilizofunikwa majivu kwa sababu hakukuwa na nyingine, na kunywa maji yale yale. Wengine walikuwa wamelala, hawanyanyuki. Ndama walitangulia kufa. Alikuwa amejaribu kuwahamisha, lakini hawakuwa na nguvu ya kutembea mpaka yalipo malisho, na wale waliohama wakati wa lava, wakikimbia kitu ambacho hakikuwafuata, walikuwa tayari mbali na ng'ombe wao wazima.

Niliwaza hilo wakati nimesimama pale. Walioogopa bila sababu walipona. Lemayani alibaki kwa sababu alinisikiliza mimi.

Nikaanza kumweleza habari za lava na majivu, kwamba ni vitu viwili tofauti, kwamba mlima huo huo unaweza kutoa vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Uliniambia lava haitafika. Haikufika." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemtetea mwenzake mbele ya watu. Hakukuwa na watu. Tulikuwa wawili tu zizini. Sikuuliza habari za ng'ombe mwekundu mwenye doa kwenye paji, na yeye hakunitajia.

Mlima ulipotulia nilipanda tena, na mwongozaji mwingine. Kreta niliyoijua haikuwepo. Ile sakafu yote, vichuguu, mifereji, kila mkondo tuliopima tangu siku ya soli kubanduka, vilikuwa vimerushwa angani, na mahali pake palikuwa na shimo lenye kuta zinazoporomoka, ambalo sikuweza kuona chini yake. Nilitambua kwamba karibu ramani zote nilizochora maishani mwangu zilikuwa za mahali ambapo hapapo tena. Na nililoona baadaye, nilipokuwa nashuka, ni kwamba sehemu ya yale majivu yaliyomfikia Lemayani ilikuwa hiyo hiyo sakafu yetu, imesagika. Kile nilichokipima kwa miaka mingi nikasema hakitafika kilimfikia kwa njia ya angani. Sijawahi kuandika hilo kwenye ripoti yoyote. Halikuwa na safu ya kuliwekea.

Ng'ombe walipoisha, Lemayani alikuja Dar es Salaam mwaka uliofuata. Hakuwa na mtu mwingine mjini, alikuwa na namba yangu. Kaka yangu anauza vifaa vya ujenzi Mbagala, barabara ya Kilwa, akampa kazi ya ulinzi kwenye yadi yake. Tulidhani ni ya muda. Nasinyai alifuata na watoto, akaanza kuuza dawa za mizizi sokoni, na binti yao mdogo Naserian alizaliwa hapa hapa Temeke. Siku hizi ni msichana mkubwa, anaongea haraka kama wenzake wa mtaani, na siku moja nilipomwita Mmasai wa mlimani alinijibu kwa heshima zote, "Shangazi, mie wa Mbagala." Baba yake alitabasamu akatazama pembeni.

Nilikuwa nikimtembelea sikukuu za Idi, na siku nyingine nikiwa na nafasi, ambazo hazikuwa nyingi. Tulizungumza habari za watoto, za bei ya unga, za mafuriko ya Msimbazi. Mlima hatukuutaja. Mimi niliendelea kwenda kule kila msimu, na kila nikirudi nilimpelekea asali au ugoro bila kusema nimetoa wapi, na yeye alipokea bila kuuliza.

Baada ya nyinyi kuniaga, nilikwenda kumwona nimwambie kwamba nimestaafu. Ilikuwa alasiri. Tuliketi juu ya matofali ya sakafu yaliyopangwa karibu na geti, yeye na rungu lake magotini, mimi na mkoba wangu. Nywele zetu sote wawili zimekuwa nyeupe. Nilimwambia sitapanda tena, magoti yamekataa. Akasema hata yake. Akaniuliza nani atapanda, nikamwambia kuna vijana, wazuri, wanachora kwa kompyuta. Akaniuliza kama lava imeanza tena. Nikasema imeanza, chini kabisa ya shimo, inatandaa kidogo kidogo na kulijaza, na siku moja itafika tena ukingoni, ila mimi na yeye hatutakuwepo.

Akauliza, "Kule kwangu, nyasi zimerudi?"

Nilikuwa najua. Msimu uliopita mlikwenda bila mimi, mkarudi na picha, na katika picha moja nilipaona mahali pale, nikawaomba mnitumie. Nyasi zinafika magotini. Picha ilikuwa kwenye simu yangu, sikuwa nimemwonyesha mtu.

"Zimerudi," nikasema. "Nzuri kuliko za zamani. Yale majivu yakishanyeshewa miaka mingi yanakuwa mbolea."

"Kuna watu?"

"Kuna boma."

"La nani?"

Nikasema sijui, vijana hawakuuliza. Nikatoa simu, nikampa. Aliishika mbali kidogo na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wetu, akaitazama picha muda mrefu. Lori la saruji likapiga honi nje. Akanirudishia simu, akaenda akafungua geti, akamwelekeza dereva arudi kinyumenyume, akafunga, akarudi na kukaa. Nilidhani mazungumzo yale yamekwisha, na nilishukuru.

Akasema, "Hao nao wanauliza habari za lava?"

"Wanauliza. Kila mtu anauliza lava."

"Waambie vijana wako wawaambie habari za majivu."

Nikamwambia nitawaambia.

Akaniuliza, "Lini?"

Nilikuwa nimezoea kujibu maswali yake baada ya kupima. Nikasema wiki hii, nitawaandikia. Akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea kukaa pale mpaka Naserian alipokuja na chakula cha baba yake, akanipa shikamoo, akanikaribisha kunawa.

Haya mliyonayo mkononi ndiyo niliyoyaandika, na nimeyatuma kabla sijayasahihisha, kwa hiyo makosa ya maandishi mnisamehe. Yale ya kufundisha kuhusu kingo na ukoko na mteremko mtayakuta kwenye mafaili yangu, yote ni sahihi. Nasikia mnakwenda mlimani mwezi ujao. Boma lenyewe liko upande wa machweo, chini ya ile migunga mitatu. Msianze na kreta. Piteni pale kwanza, mle chakula chao, muulize wana ng'ombe wangapi na wakati wa kiangazi huwapeleka wapi, na muwaambie kuhusu majivu. Msisubiri wawaulize.